Sikula, Nililamba

Haya, kwa kuwa video imeshafika grupu la ukoo, na mama mkubwa kanipigia saa moja asubuhi kuuliza kama ni kweli nimekula mavi Ngorongoro, wacha niseme mwenyewe. Sikula. Nililamba. Tofauti ipo, msijifanye hamuioni.

Kwanza nijitetee. Njia ya kushuka Bonde la Oldupai, kule Ngorongoro kunakopatikana mifupa ya kale, si ngumu. Kina ni mita 90 hivi, lakini unateremka taratibu, mtoto wa darasa la tatu anaweza. Kinachoangusha watu ni changarawe iliyolala juu ya majivu ya volkano yaliyogandamana: ukitanguliza kisigino, unaondoka nayo. Kanyaga kwa wayo wote, magoti yalegee kidogo. Maji lita mbili kila mtu, maana saa sita mchana joto la kule chini si la mchezo, na kivuli ni cha migunga tu. Haya yote nilikuwa nayajua. Shida yangu ndiyo hiyo, nilikuwa najua. Njia nzima nawafundisha wenzangu huku mwongozaji, mzee wa watu, akininyamazia kwa adabu.

Nikawaonyesha matabaka: lava nyeusi chini kabisa, juu yake la kwanza, la kijivu, lililotoa fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa miaka milioni 1.75, halafu kule juu la tatu, jekundu kama tofali. Nikawasimulia mtafiti Mary Leakey alivyoliona fuvu lile tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis kalala kambini na mafua. Mama wa watu alikuwa anatembea tu, mmomonyoko umeshamfukulia, mfupa unachungulia. Hapo ndipo shetani aliponiingia. Kama yeye aliokota kwa kutembea, mimi nina kasoro gani?

Nikaliona. Pembeni ya kichaka cha oldupai, ule mkonge pori uliolipa bonde jina, donge jeupe, ukubwa wa limau, lina nyufa kama chaki ya zamani. Nikaliokota. (Najua, najua. Nakuja huko.)

Sasa kuna kipimo cha ulimi. Mfupa wa kale mara nyingi una vitundu vidogo vinavyofyonza mate, kwa hiyo ulimi unanata. Jiwe la kawaida halinati. Wataalamu wanafanya kweli, sijatunga. Nikamwambia mwenzangu, "Washa kamera."

Nikatoa ulimi. Taratibu, maana nilitaka aipate vizuri. Nikaugusisha.

Ukanata.

Wadau, UKANATA. Nikauvuta, ukagoma nusu sekunde, ukaachia kwa kamlio kadogo. Nikapiga kelele, "Miaka milioni 1.75 hii!" Nikageuza upande wa pili nikalamba tena, kuhakikisha. Ladha ya chokaa, na kwa mbaaali, zizi.

"Kaka, weka chini," mzee akasema.

"Mzee, sheria naijua, siondoki nao."

"Weka chini tu. Ni cha fisi."

"Mfupa wa fisi?"

Akanyamaza. Nilimwona kabisa anatafuta neno la heshima. "Hapana. Ni... choo chake."

Akachukua kijiti, akalipasua. Ndani unga mweupe, vipande vya mfupa, na manyoya mawili matatu. Fisi anatafuna mifupa, chokaa inapita. Yakiwa mabichi yana ukijanikijani, jua likiyakausha yanakuwa meupe na kufyonza maji kama chaki. Kwa hiyo kipimo hakikukosea, jamani, mfupa ulikuwemo! Kilichotakiwa kunishtua ni uzito. Mfupa uliogeuka jiwe ni mzito kuliko unavyoonekana, na hili lilikuwa jepesi kama bisi. Mzee, katika kunifariji, akasema mavi ya fisi yaliyogeuka mawe nayo hupatikana humu na watafiti wanayathamini. Nikamuuliza haya yangu yana umri gani. Akayatazama. "Wiki mbili."

Na hata ungekuwa mfupa kweli, kuokota nilishaharibu. Umri wa kitu kule unajulikana kwa tabaka kilimolala. Ukishakinyanyua bila kumbukumbu ya mahali, umebaki na pambo la kabatini. Unakiacha kilivyo, unamwita mwongozaji, unasogea pembeni. Mikono mfukoni. Ulimi mdomoni.

Yaliyofuata ni mafupi. Kati ya zile lita mbili, moja na nusu nilisukutulia, nikapanda bonde na kiu yangu, hakuna aliyekubali kunipa chupa yake ninywee. Karatu nikapita duka la dawa kutafuta za minyoo. Dada wa dukani akaniuliza kwa upole, "Umekula nini, kaka?"

Kabla sijafungua mdomo, mwenzangu alishamgeuzia simu.