Besi akiwa kiotani: tumvue au tumwache?

Kila majira ya kuchipua, maji ya maziwa ya Amerika Kaskazini yanapoanza kupata joto, wavuvi wa besi mdomo-mpana, samaki anayeitwa kwa Kiingereza largemouth bass, hurudia ubishi uleule: je, ni haki kumvua dume aliyekaa juu ya mayai yake? Sheria zenyewe hazipatani. Huko Ontario, Kanada, kanda nyingi za kusini hufungua msimu wa besi mwezi Juni, na kabla ya hapo hata kumlenga kwa nia ya kumrudisha majini ni kosa. Jimbo la New York, tangu 2022, linaruhusu kuvua na kurudisha kuanzia Desemba 1 hadi Juni 14 kwa chambo bandia peke yake; kuondoka na samaki kunaruhusiwa kuanzia Juni 15 hadi mwisho wa Novemba. Florida haifungi kabisa. Unaruhusiwa besi watano kwa siku mwaka mzima, ila ni mmoja tu kati yao anayeweza kufikia au kuzidi inchi 16, yaani kama sentimita 40.

Hoja za pande zote mbili zinaanzia kwenye kiota chenyewe. Joto la maji likifika nyuzi 15 au 16 za Selsiasi na kutulia hapo siku kadhaa, dume husogea pembezoni, kwenye kina cha nusu mita hadi mita mbili, na kuchagua mahali palipokingwa na upepo. Hupigapiga chini kwa mkia mpaka tope liondoke na changarawe au mizizi ibaki wazi. Kinachobaki ni kama sahani ya mviringo, upana wa sentimita 60 hadi 90, yenye weupe kuliko sakafu inayoizunguka. Jike akishataga maelfu ya mayai huenda zake, na kazi yote humwangukia dume. Ukivaa miwani inayokata mng'ao wa maji utamwona akipepea mapezi kuyapa mayai hewa, ncha ya mkia imechakaa na pengine ina wekundu kwa kuchimba. Umbali wa mkono mmoja tu, samaki wadogo waitwao blugili, watano au sita, wametulia vichwa vikielekea kiotani.

Hao blugili ndio kiini cha hoja ya wanaotaka kufunga. Dume akinaswa, hawasubiri. Ndani ya dakika chache wanakuwa wamekwisha kuingia na kula mayai, na dume akirudi akakuta kilichobaki ni kidogo, mara nyingi hukitelekeza kiota kizima. Kadiri alivyochoshwa na kukawizwa, ndivyo uwezekano wa kutelekeza unavyoongezeka. Kumbuka kwamba katika wiki hizo dume hula kidogo sana, kwa hiyo nguvu anazopoteza akipambana na mshipi hana pa kuzirudishia.

Zaidi ya hapo, anayekamatwa kwanza si dume yeyote. Ni yule mkubwa na mkali, ambaye mara nyingi ndiye mwenye mayai mengi zaidi. Majaribio yaliyoanzia katika ziwa dogo la Ridge, jimbo la Illinois, miaka ya 1970, na matokeo yake kutolewa mwaka 2009, yalionyesha kwamba wepesi wa kunaswa na ndoano hurithiwa: kizazi baada ya kizazi, ukoo wa waliokuwa wepesi kunaswa na ukoo wa waliokuwa wagumu ulizidi kutofautiana. Ukiwaondoa kila mwaka walinzi wakali, unachagua bila kukusudia mababa wazembe. Kwetu sisi hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande huo, kwa sababu hasara yake haionekani ndani ya msimu mmoja.

Upande wa pili nao haubahatishi. Ziwa halihitaji kila kiota kifanikiwe. Vifaranga wengi mno hufa kwa njaa au kwa kuliwa, hata pasipo mvuvi, na wingi wa kizazi cha mwaka hutegemea zaidi kimo cha maji, joto na majani ya kujifichia kuliko idadi ya mayai yaliyotagwa. Baridi ya ghafla ikishusha joto nyuzi nne au tano, madume huondoka na mayai huota ukungu. Maji yakishushwa kwenye bwawa, viota hubaki vikavu. Mambo hayo mawili huweza kuua zaidi ya wavuvi wote wa wikendi moja. Halafu viota vingi viko katika maji machafu au chini zaidi ya upeo wa macho, ambako hakuna anayeviona wala kuvilenga.

Tena kutaga hakufuati kalenda. Ghuba ya upande wa kaskazini mwa ziwa, inayopigwa na jua la kusini siku nzima, huweza kutangulia maji makuu kwa wiki mbili au zaidi. Huko Florida msimu huo huenea miezi kadhaa, wengine wakitaga wakati wenzao wamekwisha kulea. Tarehe moja ya kufunga ingewazuia watu bure sehemu moja na kuchelewa sehemu nyingine.

Pande zote mbili zina ukweli, ila si kwa ziwa lilelile. Kaskazini, ambako majira ya joto ni mafupi, kifaranga aliyezaliwa mapema huingia baridi akiwa mkubwa na ana mafuta ya kumvusha. Aliyezaliwa kwa awamu ya pili, baada ya kiota cha kwanza kuharibika, huingia akiwa mdogo na hufa kirahisi. Huko kiota kilichopotea hakina fidia, na kufunga kuna maana. Kusini muda wa kufidia upo, hivyo katazo la jumla halina msingi imara. Tunachokipinga popote pale ni mashindano yanayopangwa katikati ya kutaga. Dume hukaa saa kadhaa ndani ya tangi la mashua, hupimwa uzito, kisha huachiwa kilomita kadhaa kutoka kiotani. Hapo neno "kurudisha" halina maana kwa mayai aliyoyaacha. Kama mashindano lazima yafanyike, samaki apimwe urefu hapohapo alipovuliwa, apigwe picha na kuachiwa.

Kwa mvuvi mwenyewe, kipimajoto kinamfaa kuliko tarehe. Maji yakiwa nyuzi 10 hadi 14, majike wazito hukusanyika nje kidogo ya ghuba za kutagia, kwenye kina cha mita 2 hadi 4, penye ukingo wa majani au gogo la kwanza njiani. Huo ndio wakati mzuri kuliko wote wa kupata samaki mkubwa, na hakuna kiota kinachovunjwa. Tumia mnyoo wa plastiki wa sentimita 15, ndoano moja namba 3/0 iliyofichwa mwilini mwake, na chubwi ya risasi ya gramu 7 inayoteleza mbele. Uvute polepole chini, simamisha, uvute tena. Kosa la kawaida ni haraka: maji yakiwa baridi, samaki hafukuzi.

Ukiamua kuvua kiotani mahali ambapo sheria inaruhusu, jua kwamba dume hang'ati kwa njaa. Huokota chambo kama takataka na kukitema nje ya sahani, ndiyo maana wengi hukosa kumnasa, hurusha mara thelathini, na mwisho ndoano humkwama ubavuni. Asipochukua katika mirusho mitano, mwache. Mshipi uwe wa nguvu ya kilo 7 au zaidi ili pambano lisipite dakika moja. Mshipi mwembamba humchosha bure. Bana kwa koleo ule ukucha mdogo unaozuia ndoano isichomoke. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, mshike mdomo wa chini huku mkono mwingine ukikinga tumbo, na asikae hewani zaidi ya nusu dakika.

Mwachie palepale, kisha usogeze mashua mita ishirini. Wengi husahau hili: wanabaki juu ya kiota wakitazama kama atarudi, na kivuli cha mashua ndicho kinachomzuia, huku blugili wakiendelea kula. Na ukiona wingu jeusi la vifaranga likitembea karibu na majani, siku kumi au zaidi baada ya kutaga, dume yuko chini yake bado analinda, na ataendelea mpaka wafike sentimita mbili au tatu. Rusha upande mwingine.