Kumbe hata New York kuna Kipevu

Mimi nimekulia Changamwe, Mombasa, na mtu wa Changamwe ukimuuliza stima inatoka wapi atakuonyesha Kipevu kwa kidole, zile injini za mafuta mazito pale chini karibu na bandari. Sasa nilipohamia Brooklyn nikajiambia hayo mambo ya moshi nimeyaacha nyumbani. Wapi! Siku moja natembea upande wa Gowanus naona matishari yamefungwa majini, juu yake mabomba ya moshi yamepangana, nikadhani ni ya mizigo. Jamaa ninayefanya naye kazi akacheka sana, akaniambia hiyo ni stesheni ya stima, iko hapo tangu 1971, ndani mna tabaini kama injini za ndege zinazokula gesi au mafuta, na karibu mwaka mzima zimelala zinangoja joto la Julai kila mtu awashe AC kwa mpigo.

Na msidhani huku wanazipenda. Mwaka 2019 jimbo la New York lilitoa sheria ya kubana moshi wa hizi mashini kuukuu, awamu ya kwanza 2023, ya pili 2025. Kabla ya ile ya pili kufika, wasimamizi wa gridi wakapiga hesabu wakaona bila hayo matishari kuna siku za joto jiji litapungukiwa, basi yakaongezewa muda mpaka 2027. Yaani hata hawa wenye hela zao wameshindwa kuachana nazo kwa wakati.

Kwa hivyo mimi sisemi Kipevu ifungwe. Mashini ya akiba lazima iwepo, na mwenyewe analipwa hata ikiwa imezima, huku ni hivyo na kwetu ni hivyo, kama bodaboda uliyemwambia akungoje nje ya harusi. Kinachoniuma ni kwamba huku mchezaji wa akiba anakaa benchi kweli, anaingia masaa machache anatoka, lakini kwetu mvua ikikosa, bwawa la Masinga la umeme wa maji likishuka, yeye ndiye anacheza mechi nzima, hadi ile ya Muhoroni inayochoma mafuta ya taa (mafuta ya taa jamani!), halafu gharama ya mafuta inaingia kwenye tokeni ya stima ya kila mtu na inabadilika kila mwezi.

Na kuna hili ndilo silielewi kabisa. Kuanzia saa moja jioni mpaka saa tatu watu wako nyumbani, taa, TV, pasi ya yunifomu, tunachoma mafuta. Ikifika usiku wa manane Olkaria, kule stima inatoka kwa mvuke wa ardhini, wanaachilia mvuke uende hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Masaa machache tu katikati!

Juzi nikamwambia mamangu basi nguo awe anapiga pasi saa sita usiku. Akaniuliza, kwani saa sita tokeni ni rahisi? Nikanyamaza, maana bei ni ile ile.