Daluga zangu zingebaki tu pale msumarini

Haya, nimeambiwa ile klipu ya penati niliyopiga Jumamosi imeshafika mpaka kwa mama mdogo wangu Same, kwa hiyo hakuna tena cha kuficha. Ila ile sauti ya CR wetu, aliyekuwa kiongozi wa darasa letu chuo, inayozunguka pamoja nayo, ile anayosema "jamaa akalia", naikanusha hapa hapa kabla hatujaanza. Sikulia. Lile lilikuwa jasho limekutana na vumbi la Pasua, na yeyote aliyewahi kucheza mpira Pasua saa tisa mchana ananielewa.

Kwa ambao mlikuwa mmelala, Jumamosi tulikuwa Moshi kwenye bonanza letu la tuliosoma pamoja chuo. Kila mwaka tunakutana, tunakula ndizi nyama, tunaulizana nani kaoa nani kaachwa, tunatawanyika. Mwaka huu kamati ikaja na akili mpya, Simba wakae huku, Yanga wakae kule, dakika 60, atakayefungwa analipa mbuzi. Mimi ni Mnyama toka tumboni kwa mama na kwenye grupu ndo nilikuwa naongea kuliko wote. Niliandika kwamba "mguu wangu wa kulia bado una leseni". Najua mmeshaipiga skrini shoti, saivi kila nikishika simu naletewa hiyo sentensi na picha ya soli chini yake.

Ngoja nifike kwenye soli.

Si mnajua watu wakistaafu mpira wanasema katundika daluga? Mi nilitundika kweli. Stoo kwa mama, Kibosho, msumarini, toka 2012. Ijumaa nikitokea Arusha nikapita kuzichukua, nakuta cha kulia mama katunzia mbegu za maharage na cha kushoto kuku kafanya pa kutagia, na alikuwa amepapenda maana katandika na manyoya. Mama akaniuliza, "We baba, unaenda kucheza na akina nani?" Nikamwambia na wenzangu wa chuo. Akaangalia viatu, akaangalia kitambi, akarudi jikoni. Mama wa Kichagga akinyamaza hivo ujue keshapiga hesabu ya hasara.

Kesho yake asubuhi nikazipeleka kwa fundi viatu mmoja jirani na stendi ya Moshi. Mzee akaibonyeza soli kwa dole gumba, ikabaki na shimo kama ugali uliolala.

"Mangi, hii imekufa."

Imekufaje wakati hata haijavaliwa? Akanieleza kwa upole kabisa kwamba soli za aina hii ukizivaa ndo zinadumu, ukiziweka tu unyevu unazila kwa ndani taratibu mpaka zinakuwa kama keki. Dawa yake ni kutoa yote, kuweka nyingine na kushona kuzunguka, elfu kumi na tano, nizifuate jioni. Jioni wakati mechi saa tisa! Nikamuuliza gundi tupu shilingi ngapi. Elfu mbili. Nikamwambia paka gundi. Aliniangalia kama nesi anavyomwangalia mgonjwa aliyegoma kulazwa, akapaka, akanikabidhi, akasema, "Sawa, ila usipige mashuti."

Kipindi cha kwanza sikisimulii. Walitupiga tatu. Mimi nilicheza dakika nane, nikaomba maji, nikacheza nne zingine, nikaomba kutoka kwa sababu za kiufundi. (We unayecheka hapo, nakuona, ulikuwa beki wa kati na zote tatu zimepita kwako.) Mapumziko nikajipa ukocha. Nikawaweka wana duara, nikawakumbusha tarehe 20 Oktoba 2013, Yanga wameenda mapumziko wanaongoza 3-0, mi nipo banda umiza moja la kuangalizia mpira Majengo, nikatoka na hasira zangu kwenda kula mishkaki, narudi kuchukua kofia niliyosahau nakuta watu wanapasua mabenchi, ikaisha 3-3. Nikawaambia sisi ndo watu wa namna hiyo. Mmoja akasema hiyo ilikuwa zamani, nikamwambia na sisi wa zamani vile vile.

Na ikatiki! Vijana wawili ambao bado wanakimbiaga asubuhi, siwataji wataringa, wakarudisha moja, mbili, tatu. 3-3. Dakika za mwisho kabisa kijana wetu akavutwa jezi ndani ya boksi na refa, mwalimu wa michezo tuliyemkodi kwa nauli na soda mbili, akaweka penati.

Hapa mtu mwenye akili timamu anamwachia yule aliyefunga mawili. Mimi nikasimama kwenye benchi nikaanza kufunga kamba. CR akaniambia kaka mwachie dogo. Nikamwambia wewe tulia. Sasa yeye anasimulia kwamba nilimsukuma dogo, sikumsukuma, nilimwomba mpira kwa mikono miwili akauachia mwenyewe baada ya muda. Elewa hali yangu lakini, mke wangu yupo pembeni ya uwanja na mtoto wetu, na huyu mwanamke nimemsimulia miaka tisa ile penati niliyofunga chuo. Ningekaa vipi kwenye benchi?

Golini sasa, shemeji. Kaka wa mke wangu, tumesoma darasa moja, nyumbani kwao ndo nilipomwonea dada yake. Yanga lialia, kilo mia na ushee, kasimama katikati ya yale magoli ya mabomba kayajaza. Akanipokea kwa bashasha, "Karibu shemeji. Zile tano za tarehe 5 Novemba bado unazo au nikuongezee?" 2023 ile, Yanga walitupiga 5-1, mtu anaishi nayo kama namba ya NIDA. Nikamwambia utopolo wewe, chagua upande mapema usije ukaumia.

Nikaweka mpira. Mlima ulikuwa umefunguka, Kibo yote nyeupe juu ya migrevilea, ukasema nayo imetafutiwa kiti. Kimya. Nasikia tu mtu anatafuna karanga. Nikarudi hatua tano, nikavuta pumzi, nikaanza kuja. Hatua ya tatu nikasikia mguu wa kulia unasema pwaa, kama ndala inayochomoka kwenye tope. Nilisikia. Nilijua. Sauti ya yule mzee ilinijia na harufu ya gundi yake, usipige mashuti.

Nikapiga shuti.

Soli yote, kuanzia kisigino mpaka vidoleni, na meno yake yote, ikang'oka. Ikapaa inazunguka taratibu kama chapati inayogeuzwa hewani, ikaelekea kushoto kwa kipa, juu, ile pembe ambayo makipa wanaiogopa. Na shemeji akairukia. Jamani, naomba tuwe wakweli, yule mtu aliruka. Kilo zote zile ziliacha ardhi. Akaidaka soli kwa mikono miwili, akatua nayo kwa ubavu, vumbi likapanda, akaikumbatia kifuani akajikunja juu yake kama kipa anayekula muda ugenini. Akabaki pale chini kafumba macho anasubiri wenzake waje kumrukia.

Mpira wenyewe ulienda kulia. Kwenda ni lugha tu, ulikuwa unatembea. Ulitembea kama mzee anayerudi kutoka kwenye mbege, ukaingia kwenye kijishimo, ukafikiria, ukatoka, ukaendelea. Na goli lipo wazi lote! Wachezaji wenzangu ambao kazi yao ni kufuatilia walikuwa wamekaa chini wanashika mbavu, mabeki wa Yanga wamewalalia mgongoni, wamekuwa ndugu. Mpira ukafika kama hatua moja kabla ya mstari. Ukasimama.

Nikakimbia. Kushoto nina kiatu, kulia imebaki ile ngozi ya juu inapigapiga kwenye kifundo, kamba nimefunga mafundo mawili kwa hiyo haivuki wala haikai, chini ni soksi yenye tundu na dole gumba liko nje linaangalia mbele kama dereva. Nikafika, nikausukuma kwa hilo hilo dole. Ukavuka mstari.

Nikavua jezi. Kwa nini nilivua jezi, hilo ndo swali ninalojiuliza mpaka usiku huu. Kitambi chote kikatoka kupata hewa. Nikaizungusha jezi juu ya kichwa nikakimbilia upande wa mke wangu, na nilipomkaribia nikashuka kwa magoti niteleze kama wale wa kwenye tivii. Kumbe wale wanateleza kwenye nyasi zilizomwagiwa maji. Mimi ilikuwa changarawe. Sikuteleza hata nchi moja, nilisimama pale pale nilipotua, magoti yakabaki na mwili ukaendelea mbele kidogo. Lakini mikono nilikuwa nimeshainyanyua juu basi nikaiacha juu, uso unawaka furaha na maumivu kwa pamoja, na hapo ndo pale kwenye klipu CR anaposema nalia. Wazee kwa vijana, kimya. Mke wangu anaangalia mlima. Mtoto akaja akanisogelea sikioni, ana miaka saba, akaniambia taratibu asije akaniaibisha, "Baba, refa amekataa."

Kumbe filimbi ilishalia zamani. Mpiga penati haruhusiwi kuugusa tena mpira mpaka mchezaji mwingine auguse. Nikamfuata refa na kitambi changu nikamwambia kipa aligusa. Akaniambia, "Kipa aligusa kiatu." Faulo isiyo ya moja kwa moja, kwao. Halafu akanipa na njano kwa kuvua jezi, nikamwambia we mwalimu, goli umelikataa, sasa njano ya nini? Nimekuja kusoma saa nane za usiku nikiwa siwezi kulala kwa magoti, ni kweli bana, goli likikataliwa njano inabaki pale pale. Kadi yenyewe hakuwa nayo, alininyooshea filimbi yake ya njano.

Wakapiga ile faulo haraka, mimi kichwa kiko kwenye tundu la mkono wa jezi, nikasikia kelele upande wa pili. 4-3. Msiniulize lilikuwaje, sikuliona.

Mbuzi tumelipa. Magoti nimepakwa ile dawa ya zambarau, nakaa kwenye daladala nimenyoosha miguu watu wananiruka. Soli anayo shemeji, kaitundika dukani kwake Mbuyuni juu ya droo ya hela na kila mteja anahadithiwa upya, na anavyohadithia yeye iliingia kona ya juu kabisa na aliitoa kwa ncha za vidole. Mke wangu toka Moshi hakusema neno, tukapita Boma Ng'ombe, tukapita njia panda ya KIA, pale Usa River ndo akauliza, "Ile penati ya chuo, kuna mtu mwingine aliiona?"

Na mama kapiga leo asubuhi. Nikajua pole imefika, nikakaa vizuri kuipokea. Anasema kile cha kushoto kama bado ni kizima nikirudishe Jumapili, kuku toka Ijumaa anazungukazunguka stoo hajui pa kutagia.