Sifuri ya Yorkshire, dhambi ya Kisarawe

Jumapili nilikuwa Kisarawe kwa shangazi. Jiko banifu, lile la kula kuni kidogo, alilopewa na kampuni fulani lipo juu ya kabati la vyombo, limefunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya zamani. Nje, mafiga matatu, makande yanatokota. "Mwanangu, sufuria hii itakaa pale?" Akanionyesha na karatasi aliyoipigia dole gumba: hewa ukaa yote itakayopungua kwa sababu ya jiko hilo ni mali ya kampuni.

Hapo ndipo nilipochemka mimi.

Maana kampuni huuza hewa ukaa iliyopungua kwa vyeti, vyeti vya kaboni, na ili viuzike vingi, lazima kwanza kuni za shangazi zihesabiwe kuwa zinamaliza msitu, kwamba kinachokatwa hakioti tena. Sehemu hiyo ya kuni zisizoota tena ikikuzwa kwenye hesabu, vyeti navyo vinaongezeka. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza miradi ya majiko wakakuta vyeti vimezidishwa takriban mara 9. Muuza nyama mwenye mizani ya namna hiyo angeshaitiwa mwizi.

Sasa nenda Drax, Yorkshire, Uingereza. Kituo kile cha umeme kilikuwa cha makaa ya mawe; siku hizi kinachoma mamilioni ya tani za mbao kwa mwaka, zimesagwa na kushindiliwa kuwa punje, nyingi zikitoka kwa meli Marekani na Kanada. Kwa kila uniti ya umeme, bomba linatoa hewa ukaa nyingi kuliko la makaa ya mawe. Kwenye hesabu za sekta ya nishati inaandikwa sifuri! Kanuni za kimataifa zinasema kaboni ya mti ihesabiwe ulikokatwa, upande wa misitu. Haya, kuhesabu mara mbili si haki, nakubali. Lakini moshi unatoka leo, na mti wa kuufidia unataka miongo. Wanasayansi waliandika kwenye jarida la Science tangu 2009 kwamba hili ni kosa la kihesabu. Ruzuku ikaendelea kumiminika.

Yaani kuni zikiwasha taa za Waingereza ni nishati jadidifu. Zikiivisha makande, uharibifu.

Sisemi moshi ni mzuri. Macho ya shangazi mekundu, kikohozi hakimwishi, na mkaa wa Dar umekula misitu ya Pwani, sibishi. Ila kuni zake yeye ni matawi ya mkorosho aliyoyapogoa. Mkorosho wenyewe upo nyuma ya nyumba, unachanua.

"Kwani," akaniuliza akichochea moto, "hiyo hewa yangu waliiuza shilingi ngapi?"