Mbuzi wa katekista si mchumba wangu

Naona habari imeshafika Morogoro mjini, imeshafika Dar, na jana imefika kwa shangazi yangu Kilosa ambaye hata simu janja hana. Kwa hiyo kunyamaza hakunisaidii tena. Kuna dereva bodaboda mmoja, jirani na rafiki yangu tangu darasa la kwanza (jina lake nalihifadhi, ingawa langu yeye hakulihifadhi), anayetembeza toleo lake kwamba Jumapili ya Matawi nilifuatwa kanisani na mbuzi niliyemuahidi ndoa. Ndugu zangu, sikumuahidi mtu. Wala mbuzi. Kilichotokea ni hiki.

Mnajua masika yakianza huku kwetu Mgeta hakuna anayelala. Miche ya kabichi imeshatoa majani manne kitaluni, matuta ya njegere hayajakaa sawa, udongo ndiyo kwanza umelowa, na mama yangu ana imani kwamba kila siku ninayochelewa kuhamisha miche ni hela zimepotea. Basi Jumamosi asubuhi nilikuwa chini ya banda la mbuzi nakwangua samadi.

Wa mjini niwaeleze. Banda letu limeinuliwa juu ya nguzo, na sakafu yake ni fito zilizoachiana nafasi, ili mavi na mkojo vidondoke chini. Mbuzi anakaa pakavu, kwato haziozi, na wewe unapata mbolea ya kabichi bila kuitafuta. Ni ufundi mzuri sana. Aliyeubuni hakuwaza tu kwamba kuna mtu atakuwa chini na koleo wakati mwenye mkojo yuko juu. Nilivaa gunia kichwani kama mtawa, nikaendelea na kazi.

Juu yangu Siwema, mbuzi wetu jike, alikuwa anapiga kelele tangu alfajiri. Majani ya njegere, ambayo siku nyingine angeyapigania, kayaacha yalivyo. Mkia unapepea kama feni ya daladala. Mama akaja, akamkagua nyuma, akainama kunitazama kwenye fito.

"Yuko joto huyu. Kamlete beberu."

"Mama, mvua hii?"

"Joto linangoja mvua iishe?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu kweli halingoji. Joto la mbuzi ni siku moja, au moja na nusu. Likikupita, kaa usubiri siku 21. Na mama alishapiga hesabu zake: akipandwa leo, miezi mitano, atazaa mwisho wa Agosti, maziwa yatoke kiangazi wakati wenzake wamekausha. Beberu wa jirani tungemfuata kwa mguu, ila ndiye baba yake Siwema. Sisi Waluguru ukoo tunauhesabu kwa mama, lakini likija suala la mbuzi, mama yangu anamfuatilia baba kama askari wa upelelezi. Kwa hiyo beberu ni wa kwa Mjomba, kijiji cha pili, ng'ambo ya mlima.

Beberu mwenyewe anaitwa Ofisa. Na tafadhali, siyo mabeberu wale wa kwenye hotuba. Huyu ni beberu halali, wa damu ya Norwei, uzao wa wale mbuzi wa maziwa ambao watu wa SUA, kile Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, waliwaleta huku miaka ya 1980. Mwili ni mweupe, ila ndevu na miguu ya mbele ni rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nikamuuliza Mjomba kwa nini hamuogeshi.

"Hiyo siyo uchafu, Mjomba," akasema. "Anajikojolea mwenyewe. Ndiyo pafyumu yake. Majike bila hiyo hata hawamtazami." Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejua aliloliona maishani: "Njiani usimkumbatie sana."

Usimkumbatie! Kwenye bodaboda! Barabara yenyewe ni utelezi mtupu, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde, na Ofisa kawekwa katikati yangu na dereva, miguu imefungwa, kichwa chake kiko chini ya kidevu changu kama mtoto anayelala. Nilimkumbatia kuliko nilivyowahi kumkumbatia binadamu yeyote. Na Mjomba alishatuonya kwamba akilowa sana atapata nimonia, kwa hiyo nikavua koti langu nikamfunika. Koti lenyewe ni la mtumba, zito, la sufu ndani, ndilo pekee nililonalo.

Kwenye kona ya tatu nikasikia joto zuri linaenea kifuani. Mimi nikadhani koti limeanza kufanya kazi.

Tulipofika, kazi iliyotupeleka huko kote ilichukua muda mfupi kuliko dereva kuhesabu chenji yangu. Sitaongeza neno. Jioni wakarudia, mama akiwa ameshika pembe na mimi nimeshika kamba, tukamfungia Ofisa pembeni alale kwetu, nikaenda kuoga.

Nilioga kwa sabuni ya kipande. Nikaoga kwa ndimu. Nikajisugua majivu kama sufuria ya msibani. Koti nikalifua mara mbili, nikalitundika juu ya jiko usiku kucha likauke. Asubuhi nikalinusa: hakuna kitu. Nikampa mama naye anuse.

"Halinuki," akasema mama.

Sasa hapa ndipo palipo na kosa, na nawaomba wale mnaojiita werevu mnisikilize kabla ya kucheka. Pua ya mtu aliyelala na beberu kifuani haifanyi kazi tena. Imestaafu. Na mama niliyemtegemea kama shahidi alishinda ameshika pembe za Ofisa. Yaani mtuhumiwa nilimuuliza mtuhumiwa mwenzangu.

Jumapili ikaamka na ukungu na baridi ile yetu ya kuuma masikio. Mimi ni mwanakwaya, sauti ya tatu. Nikavaa koti, juu yake nikavaa joho la kwaya, nikashika tawi langu, nikaondoka najiona kijana wa maana.

Matawi hubarikiwa nje, kwenye kiwanja cha chini, halafu ndiyo tunapanda kanisani kwa maandamano. Kiwanja hicho kinapakana na nyumba ya katekista. Pale kwenye ukingo alikuwa amefunga jike lake, mweupe mwenye baka jeusi shavuni, ale nyasi wakati bwana yake anahudumu. Nilimuona. Sikumfikiria. Kwa nini ningemfikiria?

Tumesimama, waumini kama mia mbili. Na hapo jua likatoka. Ghafla, lile jua la masika linalochoma kati ya mvua na mvua. Koti lililokauka nusu, ndani ya joho, juu ya mwili wenye damu. Nikaanza kufuka mvuke kama sufuria ya kande. Akina mama wa sauti ya pili wakasogea hatua moja. Nikaona ni heshima, wananipisha. Wakasogea nyingine. Mtoto mmoja akasema kwa sauti safi kabisa, "Mama, kuna beberu hapa." Mama yake akamfinya. Mtoto amefinywa kwa kusema ukweli, na mimi nilimtazama kwa jicho la kumlaumu. Mungu anisamehe.

Padri akafungua kitabu. Akanyoosha mikono.

"Tuombe."

Baada ya neno hilo watu huwa kimya. Kimya kikatulia hadi ukasikia maji ya mfereji kule chini.

"Meeee."

Padri hakutikisika. Ana miaka mingi vijijini. Lakini ile "meee" mimi niliijua. Siyo ya njaa, siyo ya kiu. Nilikuwa nimeisikia Jumamosi nzima juu ya kichwa changu. Nikageuka kwa upande wa jicho tu, bila kugeuza shingo, nikamuona jike la katekista amesimama wima, pua juu, anautafuta upepo. Mkia unapepea.

Kigingi kilikuwa kwenye udongo wa masika. Udongo wa masika, ndugu zangu, haushiki hata mahindi yakipigwa na upepo. Akavuta mara moja. Akavuta mara ya pili. Kikatoka kama kiazi.

Akashuka ukingo, kamba nyuma, kigingi kinagonga mawe: ko, ko, ko. Akaingia kwenye umati. Watu wakampisha, wakadhani amefuata matawi. Na mimi nikajipa moyo hivyo hivyo: amefuata matawi. Lakini akapita kwa wazee, asile. Akapita kwa watoto wanaomwekea majani mpaka mdomoni, asile. Akapita safu mbili za akina mama wenye vitenge vya sare, kila mmoja na tawi bichi mkononi, hakunusa hata moja. Mbuzi! Katikati ya majani mabichi ya watu mia mbili! Hapo ndipo nilipoona nyuso zinabadilika, kwa sababu wote walielewa kwa pamoja kwamba shida yake siyo njaa.

Akafika kwenye kwaya. Akamnusa mpiga kinanda, akamwacha. Akanifikia.

Kwanza aliingiza kichwa chini ya joho. Nikarudi hatua moja, akaja hatua moja. Nikamnong'oneza, "Toka," meno yamebana, huku natabasamu kwa padri. Akatoa kichwa, akakisugua kwenye paja langu, polepole, kutoka pembe mpaka shavu, na kurudi. Kamba ikanizunguka mguu. Nikainua tawi langu kumfukuza, na kwa watu waliokuwa nyuma, naambiwa, ilionekana kama nampungia.

Halafu akageuka. Akanipa mgongo. Akasimama, akatulia, akapepea mkia, akageuza shingo na kunitazama.

Mfugaji yeyote anajua mbuzi akifanya vile anasubiri nini. Na parokia yetu nzima ni wafugaji.

Sijui nilikaa pale muda gani. Dereva bodaboda anasema dakika kumi, lakini huyo ndiye anayesema pia nilimshika kiuno. Ninachokumbuka ni mwalimu wa kwaya, mkono wake uko hewani, mabega yanatetemeka. Nakumbuka babu mmoja anasema kwa upole, kama mtu anayetoa ushauri wa kitaalamu, "Huyu amemkubali kabisa." Na nakumbuka padri ameshusha kitabu, ananitazama juu ya miwani.

"Naona mwaka huu," akasema, "punda hakupatikana."

Basi. Ukimya ulivunjika pale na haukurudi. Katekista akaja mbio na kanzu yake, akamkamata jike kwa pembe, akafungua kamba mguuni kwangu bila kuniangalia usoni, akamburuta, naye analia anaangalia nyuma kama anapelekwa bweni. Wimbo ulipoanza nikaingia na "Hosana" peke yangu, mapema mno. Kanisani benchi la watu sita nilikaa na ukuta. Somo la Mateso, mnajua lilivyo refu, nililisikiliza na dirisha limefunguliwa kwa ajili yangu. Nyumbani mama aliposikia hakuuliza kama niko salama, aliuliza kama jike la katekista ni lile la kukamua lita mbili. Ofisa nimemrudisha Jumatatu kwa mguu. Siwema ametulia, anakula njegere, hataki mtu. Kabichi zimeshahama zote, na mtu wa kunisaidia kuzipanda sikupata kwa sababu kila anayekuja anaanza kwa kubana pua.

Mnaoniuliza kama nimeacha kwaya, sijaacha. Nimepewa likizo mpaka Pasaka. Siyo adhabu, mwalimu amesisitiza, ni "kupisha hewa."

Jana jioni nikamuona katekista anapanda njia ya kwetu. Nikajiandaa kuomba msamaha, hata nikampelekea kigoda nje. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akakohoa, akatazama huku na huku kama amekuja kukopa.

"Kijana wangu," akasema, "ya Jumapili tuyaache. Yule jike nimeshampeleka kwa beberu Jumapili ile ile mchana, mambo safi. Shida ninaye mwingine, mkimya. Joto linakuja linapita, haonyeshi dalili, msimu wa pili huu." Akashusha sauti. "Wataalamu walituambia ukiwa na kitambaa chenye harufu ya beberu, unamnusisha tu, unajua. Sasa nimefikiria... lile koti bado unalo?"

Lilikuwa limetundikwa kambani, limefuliwa mara ya nne. Akalinusa mwenyewe, akarudisha kichwa nyuma, macho yakamlenga machozi.

"Hili hili," akasema.