Eyðni: neno la Kiaislandi lililoshindwa

Ugonjwa uliopewa jina la AIDS huko Marekani mwaka 1982 ulipoingia Aislandi, nchi inayopenda kuunda maneno yake kuliko kuazima, majina mawili yaligombea nafasi: eyðni na alnæmi. Alnæmi lilishinda. Naona lilistahili, ingawa eyðni lilikuwa na uzuri wake.

Eyðni limetokana na kitenzi eyða, yaani kuangamiza au kumaliza, likatiwa kiambishi -ni, kama vile hlýða, kutii, linavyozaa hlýðni, utiifu. Ufundi wake uko sikioni. Litamke "eidhni" na utasikia mwangwi wa AIDS. Mgeni kavalishwa nguo za wenyeji, na bado sura yake inatambulika! Ni fupi, na mzizi wake kila mtoto wa Aislandi anaujua.

Lakini mgonjwa analisikiaje? Anaambiwa ana maangamizi. Afrika Mashariki tumeyaonja majina ya namna hii. Uganda watu waliuita slim kwa jinsi ulivyokondesha. Kagera wakauita Juliana, jina la kitambaa kilichovuma enzi hizo. Majina hayo yalimtazama mtu mwili na mavazi, na unyanyapaa ukapata pa kushika.

Alnæmi linatazama ndani ya mwili. Næmi ni wepesi wa kupokea kitu, maradhi yakiwemo. Kiambishi ó- hukanusha, hivyo ónæmi ni kinga. Of- huonyesha kuzidi, hivyo ofnæmi ni mzio. Al- hubeba maana ya "yote". Anayeyajua maneno mawili ya mwanzo hubahatisha la tatu bila mwalimu: mwili uliobaki wazi kwa kila maradhi. Na kweli ndivyo virusi hivi vinavyofanya kazi. Huvunja kinga, kisha kifua kikuu na nimonia hupata njia. Eyðni halikueleza chochote kati ya hayo.

Ninachokitilia shaka ni hiyo al-. Anayemeza dawa za kufubaza virusi kila siku hayuko wazi kwa "yote", na jina linamwacha palepale alipokuwa kabla ya dawa. UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, limekadiria vizuri zaidi: upungufu una kiasi, na mgonjwa anayepimwa CD4, yaani idadi ya chembe za kinga katika damu, kliniki anaweza kuona tarakimu zikipanda.