Kutoa kizazi ni dawa ya ugonjwa upi?

Kuna mwanamke ambaye kila akinyanyuka kitini hugeuka kwanza kutazama alipokaa. Mkobani ana kanga ya akiba, pedi anavaa mbilimbili, na siku ya pili ya hedhi hatoki nyumbani. Kabla hajamwona daktari, shangazi na majirani wameshampa jibu: toa hicho kizazi upumzike.

Jibu hilo si la kipuuzi, ila linachanganya magonjwa mawili. Hedhi nzito mara nyingi ni tatizo la ndani ya kizazi: huenda ni uvimbe uitwao fibroidi, huenda ni adenomiosisi, yaani utando wa ndani umejipenyeza kwenye msuli wa kizazi chenyewe. Endometriosisi ni tishu inayofanana na utando huo kuota nje ya kizazi, kwenye ovari (vifuko vya mayai), kwenye utumbo, nyuma ya kibofu. Mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, ilimfika hadi kifuani, mapafu yakawa yanasinyaa, na akalazimika kwenda kufanyiwa upasuaji Marekani. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, kutoa kizazi peke yake hakugusi kidonda kilipo.

Hata hivyo mfikirie mama wa miaka 44 aliyemaliza kuzaa, ameshaongezewa damu mara mbili, kitanzi chenye homoni hakikumfaa, na vipimo vinaonyesha adenomiosisi. Huyo akitolewa kizazi, hedhi imekwisha. Hakuna operesheni nyingine yenye uhakika huo. Tena tusidanganyane: kutafuta na kukata madoa ya endometriosisi kwa upasuaji wa matundu madogo kunataka mkono uliobobea, na mikono hiyo kwetu iko miji mikubwa. Kumshauri mama wa Kigoma arudi Dar es Salaam mara tatu ni rahisi kwa anayeandika kuliko kwa anayepanda basi.

Sasa mwenye miaka 29 anayetaka mtoto ni habari nyingine kabisa. Kwake hoja ni kukata madoa na kuacha kizazi. Hapa wapasuaji wenyewe hubishana: wengine huyaunguza, wengine huyachimbua na mizizi. Kwa madoa ya juujuu, tafiti zilizolinganisha njia hizo hazijaonyesha tofauti kubwa ya maumivu. Yaliyozama ndiyo hasa hutaka kuchimbuliwa, nayo huweza kuwa yameng'ang'ania utumbo au mrija wa mkojo, viungo ambavyo kisu kikiteleza mgonjwa anaamka na tatizo jipya. Na hata yakikatwa vizuri, huweza kuota tena.

Ipo pia njia ya kuunguza utando wa ndani ya kizazi. Inavutia: kazi ya dakika chache, jioni uko kwako. Lakini ni ya hedhi nzito tu, endometriosisi haiiponyi, na anayetaka kuzaa haimfai, maana mimba ikiingia baadaye ni ya hatari. Mwenye adenomiosisi naye mara nyingi hujikuta amerudi palepale.

Binafsi, kinachonitia wasiwasi kuliko kizazi ni ovari. Wanaotaka zitolewe wana sababu: homoni yake ya estrojeni ndiyo inayolisha endometriosisi. Ila zikitolewa zote mbili mapema, ukomo wa hedhi unakuja kwa ghafla, na joto lake, na usingizi unaokatika. Mifupa hupungua nguvu na hatari ya maradhi ya moyo huongezeka. Kwenye fomu ya ridhaa jambo hilo huweza kuchukua nusu mstari, na mgonjwa akaletewa kalamu akiwa tayari amevaa gauni la upasuaji. Aiweke kwanza hiyo kalamu, aulize: mnatoa kizazi tu, au na ovari? Na yale madoa ya nje, nani atayakata?